Maji ya Kufulia na Lundo la Taka: Rutuba Inayopotea Uani

Msafiri atokaye Njombe kwenda Songea, akiisha kuingia katika Mkoa wa Ruvuma, hupita Madaba, nchi ya miinuko, ya udongo mwekundu na mashamba ya mahindi. Ni sehemu ya Wilaya ya Songea, ijapokuwa siku hizi ina halmashauri yake. Mvua huko hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Basi msafiri akikaribishwa nyumbani kwa mtu mnamo mwezi wa Septemba, atakuta nyasi zimekauka na bustani zimelala. Lakini akiangalia nyuma ya bafu la uani, pale yatokapo maji ya kuogea, aghalabu ataona mgomba mmoja wa kijani kibichi, umenenepa kana kwamba mvua ilinyesha jana. Na hatua chache kutoka hapo ataona shimo la takataka linafuka moshi.

Mgomba huo na moshi huo ndio somo letu. Kimoja kinaonyesha rutuba iliyookotwa bila kukusudia; cha pili kinaonyesha rutuba inayotupwa kwa makusudi.

RUTUBA HUSAFIRI

Mmea hupata kaboni yake hewani. Lakini naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu na madini mengineyo huyavuta kwa mizizi kutoka ardhini. Tani moja ya punje za mahindi, yaani magunia kumi ya kilo mia, hubeba takriban kilo 15 za naitrojeni. Mbolea ya urea ina naitrojeni kwa asilimia 46. Kwa hiyo mkulima apakiapo magunia kumi katika lori, yapelekwe maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula mjini Songea au kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam, amepakia pia naitrojeni iliyo sawa na ile ya kilo 33 hivi za urea: theluthi mbili za mfuko wa kilo 50. Rutuba hiyo haitarudi Madaba.

Hilo si kosa, kwani mkulima hulima apate fedha. Lakini ipo rutuba nyingine ambayo haiendi mbali. Hutoka shambani na porini ikaishia uani: magunzi, pumba, maganda ya maharage, majani yaliyosazwa na mbuzi, majivu ya kuni, maji yaliyooshea vyombo. Siku baada ya siku kaya hukusanya vitu kutoka eneo kubwa na kuvirundika katika eneo dogo. Ua wa nyumba ni kama bonde ambalo vijito vyote huteremkia.

Wahaya wa Mkoa wa Kagera wamelijua jambo hili tangu kale. Kibanja, shamba la migomba lizungukalo nyumba, kina udongo mweusi wenye nguvu, hali nyika iliyo jirani, iitwayo rweya, ni maskini. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa ni kazi ya watu. Kwa vizazi vingi nyasi zilikatwa rweya zikatandazwa kibanjani, zikaongezewa samadi, majivu na taka za jikoni. Yafaa mwanafunzi atambue pande mbili za mfano huu: kibanja kimenenepa, na rweya imekonda.

KWA NINI TUNACHOMA?

Mwaka 1973 taifa lilisoma kwa redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na mashimo ya taka na kusafisha mazingira ya nyumba zao. Ilikuwa kazi njema. Lakini nadhani mafundisho ya usafi, tangu enzi za ukoloni hata leo, yameacha katika vichwa vyetu wazo moja lisilokamilika: kwamba taka ni adui, na dawa ya adui huyo ni moto.

Taka zikichomwa, kaboni yake hupaa kama hewa ya kabonidayoksaidi, na karibu naitrojeni yote huenda pamoja na moshi. Hubaki majivu, yenye potasiamu, kalsiamu na fosforasi kiasi. Majivu ni mali, tusiyadharau. Lakini aliyechoma amepoteza vile vitu viwili ambavyo udongo mwekundu wa nyanda za juu unavihitaji kuliko vyote: naitrojeni, na ile mada nyeusi iozayo polepole iitwayo mboji.

Udongo huo ni mwekundu kwa sababu una oksaidi za chuma. Mvua za maelfu ya miaka zimeyachukua madini mengi yayeyukayo na kuyapeleka chini sana, zikaacha mfinyanzi wa aina ya kaolini, ambao ni ghala dogo: haushiki chakula kingi cha mmea. Mboji, uzito kwa uzito, hushika mara nyingi zaidi. Tena udongo wa namna hiyo una tindikali, na salfeti ya amonia, mbolea iliyotumika sana Nyanda za Juu Kusini, huiongeza tindikali hiyo ikitumiwa mwaka baada ya mwaka bila chokaa. Ndiyo maana mkulima anayetia mbolea ya dukani katika udongo usio na mboji ni kama mtu achotaye maji kwa tenga.

MAJI YA POVU

Maji yaliyokwisha tumika kufulia, kuogea na kuoshea vyombo tutayaita hapa maji ya povu, ili kuyatenga na maji ya chooni, ambayo hayamo kabisa katika somo hili.

Tufanye hesabu. Tuseme kaya ya watu sita hutumia lita 20 kwa kila mtu kwa siku, yaani madumu sita. Yakitolewa ya kunywa, ya kupikia na yaliyomwagika njiani, hubaki lita 80 hivi za maji ya povu. Wakati wa kiangazi tuta la mboga hupoteza maji kwa jua na upepo kiasi cha milimita 4 hadi 5 kwa siku. Na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Gawanya 80 kwa 5, kisha kwa 4: utapata mita za mraba 16 hadi 20. Hayo ni matuta manne ya mchicha, figiri au majani ya maboga, yanayostawi Agosti na Septemba bila mama wa nyumba au binti yake kurudi kisimani hata mara moja. Katika kijiji ambacho kisima kiko mbali, hili si jambo dogo.

Hata hivyo maji haya yana hila zake. Maji ya kuogea hubeba vijidudu vya mwili wa binadamu, na maji yaliyofulia nepi za mtoto hubeba vijidudu vya choo; hayo ya nepi yamwagwe chooni, hapana mjadala. Maji ya vyombo yana mafuta, ambayo huziba matundu ya udongo. Na sabuni ina sodiamu, ambayo tutaizungumzia hivi punde.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni ile ya mgomba wa nyuma ya bafu, ila ifanywe kwa akili. Chimba mfereji wa duara kuzunguka mgomba au mpapai, kiasi cha nusu mita kutoka shinani, wenye kina cha sentimita 30. Ujaze nyasi kavu, magunzi na maganda ya maharage. Mwaga maji humo. Nyasi hukamata mafuta na mabaki ya chakula. Maji huingia udongoni polepole. Bakteria wa udongo, wakiwa na hewa ya kutosha, huila sabuni kama chakula kingine chochote. Nyasi zikioza, zizolewe zitiwe kwenye lundo na mpya zitandikwe. Kwa matuta ya mboga, maji yapitishwe katika vijifereji vilivyo kati ya mimea, yasimwagwe juu ya majani; na mboga ziliwazo mbichi, kama karoti na nyanya za kachumbari, zimwagiliwe maji safi.

Wako wanaofundisha kutengeneza pipa la kuchujia, lenye tabaka za kokoto, mchanga na mkaa. Sina ugomvi nalo, lakini mchanga huzibwa na mafuta baada ya muda mfupi, kisha hakuna mtu katika nyumba mwenye hamu ya kuuosha. Tena mchujo huo hauondoi sodiamu, kwa kuwa imeyeyuka.

Tena maji ya povu yasiwekwe kwenye pipa yakalala zaidi ya siku moja. Bakteria huanza kwa kutumia oksijeni iliyomo majini. Ikiisha, huingia bakteria wa aina nyingine, ambao huichukua oksijeni kutoka katika salfeti na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Hiyo ndiyo harufu ya yai viza. Na mbu wa aina ya Culex hupenda mno kutaga katika maji ya namna hiyo.

JARIBIO LA CHUPA MBILI

Jaribio hili halihitaji maabara. Chukua chupa mbili nyeupe zinazolingana. Tia katika kila moja vijiko vinne vya udongo mwekundu uliopondwa laini. Chupa ya kwanza ijaze maji ya mvua. Ya pili ijaze maji ya mvua yaliyotiwa magadi, robo ya kijiko cha chai kwa lita moja. Ziba, tikisa kwa dakika mbili, kisha ziweke mahali tulivu. Angalia baada ya dakika kumi, saa moja, na asubuhi yake.

Kwa kawaida maji ya chupa ya kwanza hutakata mapema, na ya pili hubaki mekundu kwa muda mrefu. Sababu ni hii. Vipande vya mfinyanzi vina chaji hasi. Kalsiamu, yenye chaji chanya mbili, huvishikamanisha vikawa madonge madogo ambayo huzama, na ambayo shambani huacha nafasi za hewa na maji kupita. Sodiamu ina chaji moja tu, nayo hushika kwa ulegevu. Tena magadi hupunguza tindikali, na hilo nalo huwafanya wafinyanzi hao wasukumane. Madonge husambaratika. Shambani jambo hilo huonekana kama ganda gumu juu ya tuta, lisilopitisha maji.

Sabuni ya mche ni chumvi ya sodiamu na asidi za mafuta. Sabuni ya unga aghalabu ina magadi na chumvi nyingine za sodiamu, nayo ni kali zaidi. Kwa hiyo maji ya kwanza ya kufulia, yale mazito, yaende kwenye migomba na miti, na maji ya kusuuzia yaende kwenye mboga. Matuta yabadilishane zamu. Miche michanga isipewe kabisa. Kwa bahati njema Madaba ina mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Kiasi kidogo cha sodiamu kilichobaki mwezi wa Oktoba hushushwa chini na mvua za Desemba na Januari. Katika nchi kame kama Dodoma hesabu hiyo haifai kutegemewa, na tahadhari lazima iwe kubwa zaidi.

LUNDO

Albert Howard, Mwingereza aliyefanya utafiti wa kilimo Indore nchini India kati ya 1924 na 1931, aliuandika utaratibu wa kutengeneza mbolea vunde ambao umeigwa dunia nzima. Mwenyewe alikiri kwamba alijifunza mengi kwa wakulima wa huko. Msingi wake ni kwamba lundo ni zizi la viumbe wadogo, na mwenye lundo ni mfugaji. Mifugo yake yataka chakula kilichochanganywa vizuri, maji na hewa.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuona lundo la shule moja lililokaa miezi minane bila kuoza. Lilikuwa la mabua matupu. Mwaka uliofuata walimu na wanafunzi, wakitaka kujirekebisha, wakajaza mabaki ya jikoni na majani mabichi peke yake, likanuka hata majirani wakaja kulalamika. Makosa yote mawili yalitokana na uwiano wa kaboni na naitrojeni. Viumbe waozeshao huhitaji sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Kaboni ikizidi, wanakosa cha kujengea miili yao, na kazi inasimama. Naitrojeni ikizidi, hutoroka kama amonia.

Chukua kilo 10 za mabua makavu ya mahindi: zina kaboni kilo 4 na naitrojeni kilo 0.07 hivi. Chukua kilo 10 za samadi, ukipima kana kwamba imekauka: zina kaboni kilo 3.5 na naitrojeni kilo 0.18. Ukichanganya, kaboni ni 7.5 na naitrojeni 0.25; uwiano ni 30 kwa 1. Asiye na mifugo atumie magugu mabichi yaliyong'olewa kabla ya kutoa mbegu, na majani ya maharage.

Lundo lisipungue mita moja kwa urefu, upana na kimo. Likiwa dogo, joto lote hupotea kwa ubavuni. Likiwa kubwa kiasi, katikati hupanda joto hadi nyuzi 55 au 60 za Sentigredi katika wiki ya kwanza, na mbegu za magugu pamoja na vijidudu vingi vya magonjwa hufa. Mabua yakatwekatwe. Katikati chomeka fimbo ndefu kavu. Fimbo hiyo ndiyo kipimajoto cha maskini: ichomoe baada ya siku tano uishike. Ikiwa moto na unyevu, mambo ni mazuri. Ikiwa moto na kavu, ongeza maji. Ikiwa baridi na imelowa, tena ina harufu mbaya, lundo limekosa hewa, ligeuzwe. Kwa vyovyote vile ligeuzwe baada ya wiki tatu, na tena baada ya nyingine tatu, sehemu za nje zikiingia ndani.

Wakati mzuri wa kulianza katika Madaba ni Aprili au Mei, mvua zinapokwisha, kwa kuwa magugu mabichi bado yapo. Juni na Julai ni miezi ya baridi na kazi hupungua kasi, lakini kufikia Novemba mbolea itakuwa tayari. Na katika miezi hiyo ya kiangazi lundo litahitaji maji. Yatatoka wapi? Ni yaleyale maji ya povu. Hapa mgomba na lundo wanakutana.

Majivu yanyunyizwe kidogo kidogo, wala yasichanganywe na samadi mbichi: ukali wake huifukuza amonia, na pua itakuambia mara moja. Kinyesi cha binadamu na cha mbwa kisitiwe. Kadhalika betri za tochi, vioo na plastiki. Wazee waliochimba mashimo ya taka mwaka 1973 hawakuwa na taabu kubwa ya kuchambua, kwani karibu kila walichotupa kilioza. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio bado ni vingi, na kuchambua taka ni kazi ya kila siku. Watoto huiweza sana wakipewa ndoo mbili.

JIRANI ZETU WA MBINGA

Kabla hatujasifu sana Indore, tuangalie katika mkoa wetu huuhuu wa Ruvuma. Wamatengo wa milima ya Mbinga wana kilimo kiitwacho ngoro. Katika mteremko mkali hufyeka nyasi, huzipanga zikakatizana kama nyavu, kisha huchimba udongo katikati ya kila jicho la wavu huo na kuufunika juu ya nyasi. Matokeo yake ni mamia ya vishimo vyenye kingo: vishimo hukamata maji ya mvua na udongo usombwao, na ndani ya kingo nyasi zinaoza. Ni lundo la mboji lililozikwa pale pale litakapotumika, bila kubebwa na mtu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wa Kyoto, Japani, wamekwenda kuisoma elimu hiyo.

Wamatengo hupanda maharage kwanza juu ya kingo hizo, na mahindi hufuata msimu wa mvua unaokuja. Kwa nini isiwe kinyume chake? Nyasi kavu ziozapo huiteka naitrojeni ya udongo kwa muda, kama tulivyoona katika lundo la mabua. Mahindi yangesinyaa na kuwa ya njano. Lakini maharage, kwa msaada wa bakteria waliomo katika vinundu vya mizizi yake, hupata naitrojeni ya hewani. Yakiisha kuvunwa, nyasi zimelainika, na mahindi hukuta meza imeandaliwa. Hakuna aliyewafundisha uwiano wa kaboni na naitrojeni, waliuona shambani.

KIPIMO CHA UKWELI

Sasa tuseme kweli. Lundo la mita mbili za ujazo, likioza, hubaki kama nusu yake. Mita moja ya ujazo ya mbolea vunde ina uzito wa kilo 500 au 600, na nusu ya uzito huo ni maji. Ikiwa naitrojeni ni asilimia moja ya sehemu kavu, lundo zima lina kilo 2.5 hadi 3 za naitrojeni: sawa na ile ya kilo 6 hivi za urea, tena sehemu tu ya hiyo hupatikana msimu wa kwanza. Haitoshi kwa ekari ya mahindi. Atakayemwambia mkulima wa Madaba kwamba lundo la uani litachukua mahali pa mbolea ya dukani katika shamba lake la ekari tano anampoteza, na mkulima akiisha kupotezwa mara moja hatasikiliza mara ya pili.

Hata hivyo, kwa kilo 5 kila mita ya mraba, lundo hilo hutosha mita za mraba 100 za bustani, na bustani ndiyo inayolisha watoto. Ruzuku ya mbolea iliyokuwapo miaka ya 1970 na 1980 ilipunguzwa hatua kwa hatua hadi kuondolewa miaka ya 1990. Miaka ya 2021 na 2022 bei duniani zilipanda sana, na Serikali ikaleta ruzuku upya katika msimu wa 2022/23. Bei ya mfuko hupangwa mbali na Madaba, lakini bustani ya kaya haina haja ya kuingojea. Na mkulima mwenye mboji kidogo afanye kama wafanyavyo wengi: konzi moja katika kila shimo la mahindi, pamoja na mbolea ya dukani, ili kilichonunuliwa kwa fedha kisisombwe na mvua.

MASWALI

1. Pima kwa siku saba maji ya povu yanayotoka nyumbani kwenu au katika bweni lenu. Yangetosha mita ngapi za mraba za mboga mwezi wa Septemba? Je, mwezi wa Februari?

2. Rudia jaribio la chupa mbili, ukitia katika chupa ya tatu magadi kiasi kilekile pamoja na kijiko kimoja cha mbolea vunde iliyoiva. Eleza ulichokiona, hata kama hakilingani na ulichokitazamia.

3. Shule ina kilo 60 za mabua makavu na kilo 20 za samadi (uzito mkavu). Tafuta uwiano wa kaboni na naitrojeni. Ni kilo ngapi za samadi zinazopungua ili ufike 30 kwa 1, na katika kijiji chenu zingeweza kupatikana kwa nani?